Joto la Kisigino

Msamvu ni mahali pa magurudumu. Barabara itokayo Dar es Salaam hufika hapo ikagawanyika, tawi moja likashika njia ya Dodoma na jingine likashika njia ya Mikumi na Iringa. Na kwa sababu ya mgawanyiko huo mabasi hayaachi kuingia na kutoka. Abiria hushuka, hununua ndizi au mahindi ya kuchoma, hunyosha viungo, kisha hurudi vitini mwao. Katika umati huo ni nadra kumwona mtu ambaye safari yake huanza pale anaposhuka. Walakini wapo, hasa alfajiri za Jumamosi: vijana watano au sita, mabegi mgongoni, nyuso zimeelekea kusini ambako milima ya Uluguru imesimama na mawingu yake kichwani. Wauza chai wa stendi huwatambua watu hao kwa viatu vyao. Viatu ni vipya.

Katika kundi moja la namna hiyo alikuwamo mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu, ambaye ndiye aliyewashawishi wenzake kuja. Alikuwa amesoma kwamba Bondwa ina urefu wa meta 2,120 juu ya usawa wa bahari, nao mji wa Morogoro meta 500 na kitu. Akatoa akapata kwamba mtu apandaye kilele hicho kwa miguu yake huinuka meta 1,600 kwa siku moja. Hesabu hiyo ilimpendeza sana. Alikuwa amefikiri juu ya maji, chakula, mvua na picha. Juu ya miguu alikuwa amefikiri mara moja tu, siku mbili kabla ya safari, aliponunua buti. Alizijaribu asubuhi, wakati mguu umetoka kitandani nao ni mwembamba, zikamkaa sawasawa. Akalipa, akaziweka sandukuni mwake hadi siku ya kuondoka.

Waliposhuka Msamvu wenzake walitaka kupanda bodaboda hadi chini ya mlima. Yeye alikataa. Alisema ni vema watembee tangu hapo, ili viatu vizoee mguu. Maneno hayo yalionekana kuwa ya mtu mwenye ujuzi, wakamfuata. Basi wakatembea juu ya lami, jua likipanda pamoja nao. Na kabla hawajaiacha nyumba ya mwisho ya mji alisikia joto katika kisigino cha kulia. Hayakuwa maumivu. Lilikuwa joto tu, mfano wa sarafu iliyolala juani kisha ikawekwa juu ya ngozi.

Hakusema neno. Sababu zake hazikuwa mbaya zote. Kwanza, yeye ndiye aliyeleta shauri la safari, na mtu aliyeleta shauri huona haya kuwa wa kwanza kulichoka. Pili, walikuwamo wasichana wawili ambao walikwenda pasipo kulalama. Tatu, kiongozi wao, mzee wa Kiluguru, alikuwa amevaa katambuga zilizokatwa katika tairi kuukuu, akapanda akizungumza habari za mvua kama mtu aliyeketi barazani. Kuvua buti ya thamani mbele ya katambuga kungekuwa ni kukiri jambo ambalo kijana hakuwa tayari kulikiri. Walipofika Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani iliyo ubavuni mwa mlima, walipumzika karibu nusu saa. Alikaa juu ya jiwe, akala mkate, akatazama mji ulivyo mdogo chini yake. Na muda wote huo mguu wake ulikuwa ndani ya kiatu, ukimwambia jambo lile lile. Joto lilikuwa limekwisha kugeuka kuwa mchomo.

Hapana haja ya kueleza sehemu iliyobaki ya upandaji. Alifika kileleni, kwenye minara ya mawasiliano, akapigwa picha. Kisha ikawa lazima kushuka, na mteremko ndio umalizao kazi ambayo mpando umeianza: kisigino hupumzika kidogo, lakini vidole husukumwa mbele vikagonga ncha ya kiatu kwa kila hatua. Alipofika tena penye mashamba ya migomba alikuwa amebaki nyuma ya wenzake, anakanyaga kwa upande wa mguu kama kaa.

Saa hiyo ilikuwa ni saa ya wanawake wa mlimani kurudi makwao. Wao hushuka alfajiri na ndizi, mboga na matunda kichwani kuviuza katika soko la Mawenzi, na alasiri huipanda tena njia ile ile na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Mama mmoja wa makamo, amevaa kandambili zilizolika hadi kuwa nyembamba kama karata, alisimama mbele yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umechomwa na mwiba?”

“Hapana, mama. Ni kiatu.”

“Kiatu chako mwenyewe?”

“Changu mwenyewe.”

“Kimekuanza wapi?”

“Kule mjini, kabla ya kupanda.”

Mama aliitazama njia iendayo mjini, kisha akaitazama ile iendayo juu, kama mtu apimaye kitambaa. “Na wenzako?”

“Hawajui.”

“Sisi mmoja akitua, wote hutua,” akasema mama yule. Akamwambia pole, akaenda zake.

Neno kutua katika njia za mlima ule ni neno la kazi. Mchukuzi hutua mzigo wake, na kwa kuwa ni taabu mtu mmoja kujitwika tena, wenzake hungoja. Ni neno la zamani katika nchi hiyo kuliko mji wenyewe. Chini ya Uluguru, karibu na mahali ulipo mji wa Morogoro leo, palikuwa na mji wa boma ulioanzishwa na Kisabengo katikati ya karne ya 19, ukarithiwa na binti yake, Simbamwene. Misafara itokayo Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapo. Stanley alipita Aprili 1871, katika mvua za masika, akimtafuta Livingstone. Njia nzima, tangu pwani hata Ujiji, haipungui kilometa 1,200, na wapagazi waliipita kwa miguu, aghalabu miguu mitupu, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 na zaidi. Watu wengi husoma habari hizo wakadhani kwamba wapagazi wale walikuwa na nyayo za chuma. Hawakuwa nazo. Walikuwa na taratibu. Msafara uliondoka alfajiri, ardhi ingali baridi. Ukapiga kambi kabla ya adhuhuri au mara baada yake, mchanga ulipoanza kuunguza. Hakuna aliyempita kirongozi. Palikuwa na mahali pa kutua panapojulikana, na kutua hakukuwa aibu ya mtu mmoja, bali ni amri ya wote.

Hata hivyo miguu iliharibika. Livingstone mwenyewe, aliyekuwa ametembea Afrika kwa miaka mingi kuliko karibu Mzungu yeyote wa zama zake, mwaka 1870 alikwama huko Kabambare, katika nchi ya Manyema, kwa sababu ya vidonda vya miguu vilivyomweka ndani ya kibanda siku zipatazo 80. Vile havikuwa malengelenge. Vilikuwa vidonda ndugu, vilavyo nyama na kukataa kufunga. Lakini kidonda cha namna hiyo hupenda kuingia penye mlango uliokwisha kufunguliwa, na mchubuko mdogo wa njiani ni mlango.

Sharti hapa liondolewe kosa moja juu ya sugu. Husemwa kwamba mtu aliyezoea kutembea pekupeku hapati malengelenge kwa kuwa ana sugu. Neno hili ni kweli nusu yake. Ngozi inayosuguliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu huongeza unene wake, ikazoea. Na ndiyo maana mama yule wa ndizi hushuka na kupanda mara kadhaa kwa juma pasipo kuumia. Lakini sugu iliyo nene mno, na hasa ile yenye ukingo mgumu, haizuii lengelenge, hulificha. Maji hukusanyika chini yake, mahali pa kina, ambapo sindano haifiki kwa urahisi na maumivu ni makubwa zaidi. Kwa hiyo watembeaji wenye busara hupunguza sugu zao kwa jiwe la kusugulia miguu baada ya kuoga, si kwa wembe, wakabakiza kiasi cha kuwafaa. Mguu wa mama wa mlimani haukufanywa na siku moja, wala hauwezi kuazimwa na mtu aliyeshuka Msamvu asubuhi.

Ama lengelenge lenyewe, watu wengi hulidhania kuwa ni kazi ya kiatu kusugua ngozi kwa juu, kama msasa usuguavyo ubao. Sivyo. Msomaji na aweke ncha ya kidole juu ya mgongo wa mkono wake wa pili, aikaze, kisha aisogeze mbele na nyuma pasipo kuiacha iteleze. Ngozi itakwenda pamoja na kidole, na mifupa iliyo chini itabaki mahali pake. Ndivyo ilivyo ndani ya kiatu: soksi huishika ngozi, mfupa wa kisigino huinuka na kushuka kwa kila hatua, na ngozi iliyo kati huvutwa huku na huku. Ikivutwa hivyo mara maelfu, chembe za tabaka la kati la ngozi ya nje huchanika na kuachana. Pengo likatokea, na pengo hilo likajazwa maji yanayofanana na maji ya damu. Mwaka 1966 wataalamu wa ngozi huko Marekani waliyafanya malengelenge kwa makusudi juu ya watu waliojitolea, wakasugua viganja, nyayo na sehemu nyingine za mwili kwa chombo. Waliona kwamba penye ngozi nene iliyoshikamana na mwili, kama nyayo na viganja, hutokea lengelenge. Na penye ngozi nyembamba na legevu hutokea mchubuko tu. Mguu, basi, huadhibiwa kwa sababu ya uimara wake.

Maji huongeza taabu. Ngozi iliyo kavu kabisa huteleza, na iliyolowa chapachapa huteleza pia. Lakini ngozi yenye unyevu wa jasho hunata, na ndiyo ipatayo madhara makubwa. Kwa sababu hiyo Uluguru ni mwalimu mkali. Upande wake wa mashariki, unaoelekea bahari, hunyeshewa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hata upande wa mjini njia za msituni hazikauki. Mtu huvuka kijito, soksi zake zikalowa, akaendelea. Baada ya muda haziko chapachapa tena wala hazijakauka, nazo zimekuwa gundi.

Dawa ya kinga, kwa hiyo, huanza dukani. Viatu vinunuliwe jioni, mguu umekwisha kuvimba kwa kazi ya mchana, na vijaribiwe pamoja na soksi zile zile za safari. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kisha vivaliwe nyumbani, sokoni na darasani kwa majuma mawili au matatu, safari fupi kabla ya safari ndefu. Kutembea kutoka Msamvu na buti zilizotoka sandukuni si kuzoesha viatu. Ni kuvijaribu vita siku ya vita. Soksi za pamba hunyonya jasho na kulishika, hivyo za sufu au za nyuzi za kiwandani ni bora, na wengine huvaa jozi mbili, nyembamba ndani na nene nje, ili soksi isugue soksi mwenzake na kuiacha ngozi. Kucha zikatwe mapema. Kamba za kiatu zikazwe kifundoni kabla ya kushuka, ili vidole visisukumwe mbele. Mafuta ya nazi, ambayo watu wa pwani huyasifu kwa kila jambo, hulainisha kweli mwanzoni. Lakini baada ya saa moja au zaidi yakiisha kuingia katika ngozi, msuguano huwa mkubwa kuliko ulivyokuwa kabla hayajapakwa. Basi apakaye hana budi kupaka tena na tena.

Wataalamu wamejaribu pia kukausha jasho. Mwaka 1998 zilichapishwa habari za wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point waliotembezwa kilometa 21: waliopakwa dawa ya kukausha jasho kwa usiku tatu au zaidi kabla ya matembezi walipata malengelenge asilimia 21, na waliopakwa kitu kisicho dawa asilimia 48. Ushindi huo ungekuwa mkubwa kama si kwamba zaidi ya nusu ya waliopakwa dawa waliwashwa na ngozi. Jaribio la unyenyekevu zaidi lilitolewa mwaka 2016. Wakimbiaji 128 wa mashindano ya kilometa 250, yakimbiwayo kwa siku kadhaa jangwani, walibandikwa plasta nyembamba ya karatasi, ile ya bei ndogo ifungiayo bandeji, juu ya sehemu za mguu zilizozoea kuumia. Na sehemu hizo zikapata malengelenge pungufu kwa kiasi cha asilimia 40. Plasta hiyo huuzwa katika maduka ya dawa ya Morogoro, na uzito wake haumlemei mtu.

Lakini vitu vyote hivyo ni vidogo mbele ya kimoja, nacho hakiuzwi. Kabla ya lengelenge huja joto. Kati ya joto na lengelenge kuna muda, pengine robo saa, pengine saa nzima, ambao ndani yake ngozi haijaachana bado. Anayesimama katika muda huo, akavua kiatu, akakausha mguu, akatoa mchanga, akabandika plasta na kubadili soksi, hupoteza dakika kumi. Asiyesimama hupoteza safari, na pengine zaidi ya safari. Hakuna mtembeaji asiyelijua jambo hili baada ya mara ya kwanza. Na bado watu hawasimami.

Yamkini sababu ni kwamba sifa za matembezi huhesabiwa kwa maili. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilometa 200, kwenda katika mkutano wa TANU. Na mwaka ule ule vijana wa kila upande wa nchi walishika njia kwa miguu kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki njiani akitoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Ni haki kwamba wanakumbukwa. Lakini masimulizi ya safari hizo husimulia kuondoka na kufika. Kuketi chini ya mti na kuvua kiatu hakuingii katika masimulizi, na kijana azisikiaye habari hizo hudhani kwamba mashujaa hawakuketi.

Mwanafunzi wa habari hii alirudi bwenini kwake usiku ule na lengelenge la ukubwa wa jicho la ng’ombe, na jingine dogo ubavuni mwa kidole gumba. Akafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza: akachukua mkasi wa karatasi, akakata ngozi yote ya juu, akamimina spiriti. Uchungu wake ulimtoa machozi, akadhani uchungu huo ndio uponyaji.

Ngozi ile ya juu, ijapokuwa imekufa, ni paa la nyumba. Lengelenge dogo lisilouma sana huachwa lilivyo, likafunikwa tu. Kubwa liumalo kwa kila hatua hutobolewa, kwa maana likiachwa litapasuka lenyewe mahali pachafu. Mikono huoshwa kwa sabuni, na ngozi vilevile. Sindano hupitishwa motoni au katika spiriti. Hutobolewa ukingoni, upande wa chini, matundu mawili matatu madogo. Maji hukamuliwa kwa upole, na paa hulazwa mahali pake na kufunikwa kwa kitambaa safi kisichonata. Mwaka 1968 waganga wa ngozi wa Marekani walionyesha kwamba paa hushikana vizuri zaidi na nyama likikamuliwa mara tatu katika siku ya kwanza, kwa sababu maji hurudi. Wako wapitishao uzi ndani na kuuacha humo ili maji yatiririke; uzi huo ni daraja la uchafu, na heri usipite. Mwiba wa mlimau nao hauna sifa nyingine ila kwamba uko karibu. Paa likiisha kupotea, jeraha huoshwa kwa maji safi, hupakwa vaselini, hufunikwa, na hufunuliwa kila siku kutazamwa. Maji yakiwa meupe hapana hofu. Yakigeuka usaha, ngozi ya pembeni ikawa nyekundu na ya moto, mistari myekundu ikapanda mguuni, au homa ikaja, hilo si jambo la bwenini tena.

Kijana hakufunika. Alikwenda madarasani na kandambili katika vumbi la Julai. Siku ya tatu aliamka na uvimbe wenye maumivu kinenani, ambao wazee huuita mtoki na kuujua kuwa ni habari itokayo mguuni. Jioni akawa na homa. Alipelekwa zahanati. Mganga aliyempokea, mama mwenye miwani na sauti ya chini, aliosha kidonda, akamwandikia vidonge, akamuuliza mwaka alioupata chanjo ya pepopunda, kwa maana kidonda kichafu cha mguu ni mojawapo ya njia zake. Kisha akauliza swali ambalo kijana hakulitazamia.

“Kwenu kuna mgonjwa wa sukari?”

Kijana akasema bibi yake, mzaa mama, alikuwa nayo.

“Yu hai?”

“Yu hai. Amekatwa mguu.”

“Ulianza na nini?”

Alianza kujibu, akanyamaza. Alikuwa ameisikia habari ile tangu utoto, lakini hakuwahi kuisikia kama alivyoisikia alipokuwa akiitamka mwenyewe. Bibi alinunuliwa viatu vipya na wanawe kwa ajili ya arusi. Alivivaa kutwa nzima, akacheza, akasifiwa. Usiku alipovivua soksi ilikuwa na damu. Akashangaa, kwa kuwa hakuwa ameumia. Sukari ilikuwa imekwisha kuziua neva za miguu yake. Palikuwa na lengelenge wazi nyuma ya kisigino, naye asingelijua kama si ile soksi. Lilifungwa kwa kitambaa. Halikuuma, basi halikutazamwa. Na kwa kutokutazamwa likaenda ndani.

Mganga alimpima sukari, ikaonekana nzuri. Alimwambia kwamba watu kama bibi yake hufundishwa kuitazama miguu yao kila siku kwa macho, au kwa macho ya mtu mwingine, na kutia mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, kwa sababu mguu wao hauwezi tena kusema. “Wewe wako umesema?” akauliza. Kijana akajibu kwamba ulisema tangu njia ya lami. Mganga hakuongeza neno. Aliandika katika daftari, akamwita mgonjwa mwingine.

Alilala siku tano. Akakosa mtihani mmoja, ambao baadaye aliufanya peke yake, katika chumba chenye msimamizi aliyesinzia. Likizo ilipofika alikwenda kwa bibi, akamwomba amwonyeshe mguu uliobaki. Bibi alicheka, akasema mguu wa mzee si kitu cha kutazamwa, lakini aliunyosha. Kijana aliutazama wayo wote, katikati ya vidole na nyuma ya kisigino, akatia mkono ndani ya ndara zake akatoa kijiwe cha ukubwa wa punje ya mchele. Bibi alikuwa amekivaa tangu asubuhi.

Mwaka uliofuata walishuka tena Msamvu, wanne tu safari hii. Buti zilikuwa zile zile, ambazo kwa mwaka mzima zilikuwa zimekwenda kila mahali, nazo zilikuwa na mikunjo yake. Walichukua bodaboda hadi mwanzo wa mlima. Kiongozi alikuwa mzee yule yule, akamtambua kijana kwa kuchechemea kwake kwa mwaka jana, akauliza hali ya mguu. Walipanda katika ukungu. Chini kidogo ya Morningside, katika kisigino cha kushoto safari hii, lilianza joto.

Alisimama, akasema, “Nitatua kidogo.” Akaketi ukingoni mwa njia, akafungua kamba. Mzee akaketi pia, akatoa tumbaku yake. Wengine watatu walisimama kitambo wakitazamana. Kisha mmoja akaweka begi lake chini, akavua kiatu, na kisigino chake kikaonekana chekundu kuliko cha aliyeanza kuketi. Na msichana aliyekuwa mbele yao wote tangu mjini akarudi hatua chache, akaomba kipande cha plasta, akasema kidole chake kidogo kilikuwa kikimwunguza tangu walipoanza kupanda.

Walikaa hapo zaidi ya nusu saa. Kwa sababu hiyo walichelewa kufika kileleni, na mawingu yalikuwa yamekwisha kuufunika mji, wasiuone.